Diploma mbili kwa munganga mmoja: faida ibaki kwa nani?

Bukavu, Goma, Butembo, Bunia: katika miji hii si ajabu tena kumkuta munganga kijana anayesomea utaalamu wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto, na papo hapo ameandikishwa masta ya afya ya umma. Asubuhi yuko wodini, jioni yuko darasani, na usiku wa zamu anafungua kompyuta kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Si wanganga peke yao. Wanasheria, wanganga wa mifugo na wana-uchumi nao wanaitafuta diploma hiyo ya afya ya umma pembeni ya masomo yao ya kwanza.

Jambo hilo linaleta mabishano mahospitalini. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema wakubwa wa idara, wakimtazama msaidizi wao anayesinzia kwenye mkutano wa asubuhi. Wengine wanasema waziwazi kwamba masta ya afya ya umma ni mlango wa kutorokea: anayeipata anavua blouse nyeupe, anapanda jipu la shirika, na wodi inabaki na pengo. Vijana wenyewe wanajibu kwamba hospitali isiyolipa haina haki ya kulalamika.

Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Lakini methali ile ni ya kweli pale ambapo vitu viwili vinakimbia kila kimoja upande wake. Kutibu mgonjwa na kulinda afya ya wakaaji wote havikimbiani, na katika mashariki ya Kongo mara nyingi kazi hizo mbili zinamwangukia mtu mmoja. Ubaya hauko katika kusoma mambo mawili. Uko katika namna masomo hayo yanavyofanyika leo: kila mtu peke yake, kwa mfuko wake, bila chuo kikuu wala wizara kusema diploma ya pili itatumika wapi.

Mfano wa karibu ni Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Kuanzia Septemba 2023, watu wenye vipele vya mpox walianza kufika hospitalini huko. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni: binadamu wa kwanza kutambulika duniani kuwa nao alikuwa mtoto wa miezi 9, kwenye eneo la Basankusu, Équateur, mwaka wa 1970. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa vijiji vya karibu na pori, unaoshika hasa watoto. Kamituga walikuja watu wazima. Wengi walikuwa na vidonda sehemu za siri, na kati yao walikuwamo wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye mabaa ya wachimbaji.

Munganga aliyefundishwa kutibu tu atafanya kazi yake vizuri: atasafisha vidonda, atatuliza maumivu, ataandika fishi, atamwita anayefuata. Kuziweka fishi 30 juu ya meza moja na kuona kwamba umri umebadilika, kwamba njia ya kuambukizana imebadilika, kwamba baa ina uzito kuliko pori, ni elimu nyingine. Na aliyefundishwa kuhesabu tu, akikaa ofisini Bukavu, hataona kidonda kiko sehemu gani ya mwili kama aliye wodini hakukiandika. Mwaka wa 2024 watafiti walionyesha kwamba virusi vya Kamituga ni tawi jipya, lililoitwa clade Ib. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani, OMS, likatangaza dharura ya kimataifa. Habari iliyotikisa Geneva ilianzia kwenye fishi za hospitali ya mji wa mgodi wenye barabara mbovu.

Wanaodhani kuunganisha masomo hayo mawili ni mtindo ulioletwa kutoka Marekani wanasahau Kasongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji huo wa Maniema, timu ya wanganga waliofungamana na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, ilianza kujaribu jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: vituo vya afya vidogo vinavyoongozwa na wauguzi karibu na wakaaji, hospitali moja nyuma yao, na timu moja inayojibu kwa vyote. Watu walewale walipasua, walichanja, na walihesabu vifo vya watoto nyumba kwa nyumba.

Mwaka wa 1981 timu hiyo ilitoa katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya chanjo ya surua, na swali lake lilizua kelele: je, mtoto aliyeokolewa na chanjo anaishi kweli, ama kifo kinamngoja mbele kwa njia ya njaa na maradhi mengine? Uchunguzi wa baadaye katika inchi zingine ulipunguza hofu hiyo, na chanjo ya surua iliendelea kuokoa watoto. Hata hivyo swali lilikuwa la lazima, na halingeulizwa na mtu anayemwona mtoto mara moja tu, akiwa kitandani, wala na mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo.

Mawazo ya namna hiyo yalisaidia kuzaa zoni za afya, ambazo leo zinazidi 500 katika inchi nzima. Kila moja ina munganga mkuu wa zoni. Mtu huyo anaweza kuitwa usiku kwa operesheni ya mama aliyeshindwa kuzaa, na asubuhi akatakiwa kujua kwa nini frigo ya chanjo imezimika, ripoti ya wiki iko wapi, na kama watu 4 wenye kuhara katika kijiji kimoja ni bahati mbaya ama ni kipindupindu. Kazi yake peke yake ni diploma mbili. Kinshasa ililitambua hilo katika miaka ya 1980, wakati Ekoli ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Kinshasa ilipoanzishwa kwa msaada wa Marekani na Chuo Kikuu cha Tulane, ili kuwafundisha wale watakaoongoza zoni. Baadaye mashariki pia ilipata masomo yake, Bukavu na Lubumbashi, na mwanafunzi wa Kivu hakulazimika tena kwenda mpaka mji mkuu.

Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, faida ya elimu hizo mbili kukutana ilionekana kwa macho. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Katikati ya msiba huo, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, yalifanyika majaribio yaliyoitwa PALM, chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Kongo na Marekani. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura kati ya dawa nne. Kura hiyo iliwauma wengi: munganga yupo mbele ya mgonjwa anayekufa, na si yeye anayechagua dawa. Lakini Agosti 2019 hesabu ilisema wazi. Kati ya waliopewa dawa ya ZMapp karibu nusu walikufa; kati ya waliopewa mAb114, dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995, walikufa 35 kwa kila 100. Bila wanganga na wauguzi waliojua kutunza mgonjwa, na waliojua pia kwa nini kura haipaswi kuchezewa, matokeo hayo yasingepatikana huku risasi zikisikika.

Ebola hiyohiyo ilionyesha upungufu mwingine, na hapa wanganga waache kidogo nafasi kwa wenzao. Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa mpaka Machi 2019, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Rais aliapishwa Januari. Wakaaji wengi walielewa jambo moja: ugonjwa umetumiwa kuwanyima kura. Wiki zilizofuata vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa na kushambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 munganga Richard Valery Mouzoko, mtaalamu wa Kameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Waliouawa katika kazi hiyo hawakukosa elimu ya virusi. Kilichokosekana mezani, pale maamuzi yalipochukuliwa, ni mtu anayejua sheria ya uchaguzi na ya uhuru wa watu kwa kiasi kilekile anachojua karantini. Mtu aliyesoma jamii na mila za mazishi kwa kiasi kilekile alichosoma epidemiolojia. Mwanasheria mwenye masta ya afya ya umma angeweza kuonekana kama mtu asiyejua anachotaka. Butembo, Desemba 2018, angekuwa na kazi ya kutosha.

Ndiyo maana si haki masomo haya ya pamoja kuwa mali ya wanganga tu. Munganga wa mifugo anayejua nyama ya pori inauzwa soko gani ana nafasi. Mwana-uchumi anayeweza kueleza kwa nini mutuelle ya afya inakufa mwaka wa pili ana nafasi. Na muuguzi ana nafasi zaidi ya wote, kwa sababu katika vituo vingi vya vijijini ndiye serikali yote ya afya ambayo mkaaji anaijua. Wauguzi wengi tayari wamepita kwenye masomo ya afya ya umma katika vyuo vya ISTM, wakiendelea na kazi. Hakuna anayewapigia makofi, na mara nyingi hakuna anayewapandisha cheo.

Sasa kuhusu pesa, kwa sababu mazungumzo yote ya mahospitalini yanaishia hapo. Masomo ya unganga yanakula karibu miaka 7, na utaalamu unaongeza mingine. Anayesomea utaalamu anafanya kazi ya hospitali kila siku, na wengi wanafanya hivyo bila mshahara wa maana, wengine wakingojea miaka kabla ya jina lao kuingia kwenye listi ya mishahara ya serikali. Juu yake unakuja minervali wa masta, megabaiti za intaneti, nakala za vitabu, na safari za kwenda kukusanya habari vijijini. Programu ya miaka 2 inageuka ya miaka 4. Mwanamke munganga mwenye mtoto mdogo anabeba mzigo mara tatu, na wengi wanaachia njiani si kwa kukosa akili bali kwa sababu masomo ya saa kumi na moja jioni yamepangwa na watu wasiopika.

Aliyevumilia mpaka mwisho anahesabu deni lake, halafu anaangalia nje ya dirisha. Shirika la kimataifa katika mji uleule linatafuta mtu mwenye diploma mbili kama zake, kwa mshahara unaozidi mara kadhaa ule wa hospitali, pamoja na prime ya hatari. Kumwita msaliti ni rahisi kwa mtu asiyelipa kodi ya nyumba yake. Lakini ukweli unabaki: zoni ya Shabunda au ya Walikale, ambayo takwimu zake ndizo zilizomwandikia kazi yake ya mwisho, haimwoni tena.

Na mlango huo wenyewe umeanza kufungwa. Mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilivunja shirika lake la USAID, lililokuwa nguzo ya miradi mingi ya afya huku. Tangu vita kufika Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo, kufungwa kwa mabenki na kwa uwanja wa ndege wa Goma kumegeuza hata kulipa minervali au kwenda kutetea kazi ya mwisho kuwa safari ya kupitia inchi jirani. Wale waliosoma afya ya umma kwa ajili ya jipu peke yake wanaona sasa jipu limepungua. Wakati huohuo kipindupindu kinarudi kandokando ya maziwa, kutoka Goma mpaka Uvira na Kalemie, na kambi za wakimbizi hazina maji safi. Kazi haijapungua hata kidogo. Anayelipa ndiye amepungua.

Wapo watakaosema: inchi yenye wanganga wachache namna hii itawezaje kumwachia mmoja wao aende kusoma miaka mingine 2? Swali hilo ni zito kuliko lile la mshika mbili. Jibu lake ni kwamba leo inamwachia hivyohivyo, ila kwa vurugu, na mwishoni inampoteza kabisa. Tena si kila munganga anahitaji njia hiyo. Mpasuaji bora wa Panzi au wa Heal Africa, ambaye furaha yake iko kwenye chumba cha operesheni, aachwe apasue. Dokta Denis Mukwege alitetea doktora yake mjini Brussels mwaka wa 2015, akiwa na miaka 60, juu ya majeraha aliyokuwa ameyatibu Bukavu kwa miaka mingi: diploma ilimfuata kazini, haikumtoa. Muyembe alikuwa munganga tangu 1969, akapata doktora ya virusi kule Leuven mwaka wa 1973, na miaka mitatu baadaye alikuwa Yambuku akichukua damu ya wagonjwa wa Ebola ya kwanza. Kwa wote wawili elimu ya juu ya pili ilikuwa na anwani hapa Kongo kabla ya kuwa karatasi.

Anwani hiyo ndiyo inayokosekana katika programu za leo, na kuiweka hakuhitaji mamilioni. Katika vyuo vingi vya Marekani, anayesomea unganga na masta ya afya ya umma kwa pamoja huongeza mwaka mmoja tu, kwa sababu baadhi ya masomo yanahesabiwa pande zote mbili. Kongo iliingia kwenye mfumo wa LMD kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, na mfumo huo unapima kila somo kwa kredi, kusudi kredi ziweze kuhamishwa. Hata hivyo, munganga ambaye tayari amefundishwa statistiki na epidemiolojia katika utaalamu wake anaweza kujikuta anakaa tena kwenye benchi na kuyarudia mbele ya mwalimu mwingine, na kuyalipia tena. Wakubwa wa fakulte ya unganga na wa ekoli ya afya ya umma, ambao mara nyingi ofisi zao ziko katika ua mmoja, wanaweza kumaliza jambo hilo kwa mkutano wa mchana mmoja.

Kazi ya mwisho nayo iwe moja. Daktari wa watoto anayeandika juu ya utapiamlo wodini kwa diploma ya kwanza, na juu ya utapiamlo katika zoni kwa ile ya pili, anaandika kitabu kimoja chenye sura mbili. Anapolazimishwa kuchagua mada mbili tofauti ndipo kazi zote mbili zinakuwa nyembamba, na mbaya zaidi, zinanakiliwa. Miezi ya mazoezi ifanyike katika zoni ya vijijini, na ripoti isomwe kwanza mbele ya timu ya zoni hiyo, wauguzi wakiwemo, kabla ya kusomwa mbele ya maprofesa. Si lazima maprofesa wafurahi. Kazi nyingi juu ya kipindupindu cha ziwa Tanganyika zinalala katika maktaba ambazo muuguzi wa Uvira hajawahi kuingia.

Kuhusu mshahara, hakuna chuo kitakachoutatua. Wizara ya afya, majimbo, pamoja na makanisa yenye mahospitali mengi huku mashariki, ndio wanaojua nafasi zilizo wazi. Mkataba unaweza kusainiwa siku ya kuandikishwa: hospitali inampa mwanafunzi siku mbili za masomo kwa juma bila kumkata chochote, mwanafunzi anaahidi miaka 3 katika zoni iliyotajwa kwa jina, jimbo au kanisa linaandika kiasi kitakacholipwa na cheo kitakachoshikwa. Mikataba ya namna hiyo imewahi kusainiwa na kuvunjwa, na kwa kawaida anayeanza kuvunja ni yule aliyeahidi kulipa. Kwa hiyo kabla ya vyuo kufungua maandikisho ya mwaka ujao wa masomo, swali la kuwauliza wote wanaotangaza programu hizi ni fupi: ni zoni gani inayomngoja mwanafunzi huyu, na nani atamlipa mwezi wa kwanza?